Kalehe: udongo wetu hauko ndani ya hesabu yao
Maneno tuliyosema mbele ya vijana, Goma, Mei 2024



Mbele ya yote tunyamaze kidogo juu ya wenzetu wa Kalehe.

Asanteni. Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko pale Nyamukubi. Mvua ilinyesha milimani, mito ikashuka na mawe, matope na miti mizima, ikabeba soko, ikabeba nyumba, ikabeba watu wa Nyamukubi na wa Bushushu mpaka ziwani. Zaidi ya watu 400 walikufa, wengi walizikwa mu makaburi ya pamoja, na wengine wengi sana hawakuonekana tena mpaka leo. Siku mbili tu mbele ya pale, usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3, mvua ilikuwa imeua watu zaidi ya 130 upande wa pili wa ziwa, kule Rwanda. Tarehe 8 Mei serikali yetu ilitangaza siku ya maombolezo ya taifa. Bendera zilishushwa nusu mlingoti. Kisha zilipandishwa tena, na maisha yakaendelea kama vile tunajua.

Wiki hii tunalia pia wa Mugunga na wa Lac Vert, wenye mabomu yaliwakuta ndani ya kambi tarehe 3. Hatutaki kuchanganya vifo na vifo. Tunasema tu kwamba tunajua tunazungumza wakati gani.

Leo tumechagua kusema juu ya kitu chenye kitashangaza wengi: kompyuta zenye zinapiga hesabu ya mvua ya milima, na udongo wenye uko ndani ya hizo kompyuta. Wenye walikuja kwa ajili ya slogani wavumilie kidogo. Zitakuja.

Kwa nini kompyuta? Juu ya karatasi moja. Mwisho wa Juni 2023, kikundi cha wanasayansi kinaitwa World Weather Attribution kilitoa ripoti juu ya mafuriko ya pembeni ya Ziwa Kivu. Kazi yao ni swali moja: mvua hii mbaya, je, joto la dunia liliiongezea nguvu, na kwa kiasi gani? Inapotokea Ulaya au Pakistani, mara nyingi wanatoa jibu kwa siku au wiki chache. Kwa Kivu walisema hawawezi kujibu. Hawakusema kwamba mabadiliko ya tabianchi hayapo. Walisema vipimo vya mvua kwetu ni vichache mno, na data zenye zipo hazikubaliani kati yao, kwa hiyo hakuna msingi wa kusimamisha jibu.

Tuliposoma mara ya kwanza tulikasirika. Tulijiambia: hata kufa kwetu hakuhesabiwi. Tuliposoma mara ya pili tuliona hawa watu wamesema ukweli kuliko viongozi wengi wenye walipita Kalehe na magari yao. Walikubali kwamba hawajui, na wakasema ni nini kinakosekana. Na jibu lenye linakosekana lina bei. Mwezi wa Novemba 2022, kule Sharm el-Sheikh, nchi zilikubaliana kuunda mfuko wa kulipa hasara na uharibifu wa tabianchi, na kule Dubai mwaka 2023 mfuko huo ukafunguliwa. Mtu wa Bushushu mwenye amepoteza bibi, watoto wane na shamba, akienda kubisha mlango huo, atabeba nini mkononi? Mwenye hana namba anaingia na machozi tu.

Sasa tuingie ndani ya kompyuta.

Modeli ya tabianchi ni hesabu ya hewa. Wanakata dunia, au sehemu ya dunia, katika miraba, kama karatasi ya hesabu ya mwanafunzi. Ndani ya kila mraba kuna joto moja, upepo mmoja, mvua moja, na kimo kimoja cha ardhi. Kimo kimoja, msikilize vizuri. Kwenye mpango wa kimataifa wa CORDEX, kazi za kwanza za Afrika zilikuwa na miraba ya karibu kilomita 50 kwa kilomita 50. Baadaye walishuka mpaka 25. Waingereza wamefanya moja ya Afrika nzima yenye miraba ya kilomita 4 na nusu, nayo ilihitaji mashine kubwa ajabu.

Angalieni sasa kwetu huku. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Nyiragongo inafika 3,470. Mikeno inafika 4,437, Karisimbi 4,507. Upana wa ziwa, pale lilipo pana zaidi, ni kilomita kama 50. Maana yake ukichukua mraba wa kilomita 50 na kuuweka hapa, unameza ziwa, au unameza Goma pamoja na volkano na Masisi ya chini, kisha unasema: kimo cha wastani ni hiki. Mlima umesagwa. Bonde limejazwa. Kalehe yenye unaijua, yenye hauts plateaux zinaangalia ziwa kutoka juu kama mtu mwenye amesimama kwenye balkoni, inakuwa kilima cha polepole. Na mvua ya milima inahitaji ule mteremko. Hewa yenye maji inapogonga mlima inapanda, inapoa, mvuke unageuka mawingu, na mawingu yanamwaga. Ukisaga mlima, umesaga mvua pia.

Hiyo sehemu ya kimo, wengi wanaielewa haraka. Kuna sehemu nyingine yenye inasemwa kidogo, nayo ndiyo yenye ilitufanya tukae usiku kucha na simu za kuazima tukisoma. Ndani ya modeli ya hewa kuna modeli nyingine ndogo, ya ardhi. Wataalamu wanazipa majina: Noah na CLM zilizotengenezwa Marekani, JULES ya Uingereza. Kazi yake ni kujibu swali lenye linaonekana dogo: jua likipiga ardhi, lile joto linakwenda wapi?

Chukua mbabula. Makala yanawaka, moto ni uleule. Ukiweka sufuria tupu, chuma inachomeka mara moja na hewa ya juu yake inapata moto. Ukiweka sufuria yenye maji, moto uleule unatumika kutoa mvuke, na hewa ya juu haichomi vile. Ardhi iko hivyo. Udongo mkavu unageuza jua kuwa joto la hewa. Udongo wenye maji, au msitu wenye mizizi mirefu yenye inavuta maji kutoka chini na kuyatoa kwa majani kama jasho, unageuza jua kuwa mvuke. Hewa yenye joto inapanda kwa nguvu. Hewa yenye mvuke inabeba maji ya mawingu. Mvua ya radi inahitaji vyote viwili, na kipimo cha kimoja juu ya kingine ndicho kinaamua mawingu yataanza saa ngapi, mlima gani, na yatamwaga wapi.

Kwa hiyo watafiti wawili wanaweza kuchukua hewa ileile, mwaka uleule, mlima uleule, wakabadilisha modeli ya ardhi peke yake, na ramani ya mvua ikabadilika. Pahali pengine mvua inaongezeka, pahali pengine inapungua, au inahama kutoka mlimani kwenda bondeni, au inatoka saa kumi alasiri kwenda saa mbili usiku. Tusidanganyane: ardhi haiamui yote. Bahari ya Hindi inaamua, pepo kubwa zinaamua, namna modeli inachora mawingu ya radi inaamua sana. Lakini kwenye milima ya joto kama yetu, mwanzo wa mvua nyingi ni mchezo kati ya jua, udongo na mteremko.

Na ziwa. Mwenye amekulia Kivu anajua bila kwenda chuo. Mchana mteremko unapata moto kuliko maji, hewa inatoka ziwani na kupanda mlimani, mawingu yanakaa juu ya milima. Usiku inageuka: mlima unapoa haraka, hewa baridi inashuka, inakutana juu ya ziwa ambalo bado lina joto, na radi inapiga huko kati. Wavuvi wenye wanalala ziwani na taa zao wanajua kuliko profesa. Sasa mwaka 2015 Wim Thiery na wenzake kutoka Ubelgiji walitoa kazi moja tunayoipenda sana. Walichukua modeli yenye miraba ya kilomita 7, wakaiunganisha na modeli ya ardhi ya CLM na modeli ya maziwa, kisha wakaifanya iende mara mbili: mara moja na maziwa yetu makubwa, Victoria, Tanganyika, Albert na Kivu, na mara moja maziwa yakiwa yamefutwa na kuwekwa nchi kavu. Walipoyarudisha, mvua juu ya maziwa iliongezeka karibu mara mbili. Mara mbili! Na sehemu kubwa ya hiyo ni mvua ya usiku.

Fikirini maana yake. Kama modeli ina miraba mikubwa mpaka Ziwa Kivu halionekani, au linaonekana lakini limepewa joto la uongo, basi ile modeli itaweka mvua mahali hakuna mvua, na itaiondoa mahali watu wanakufa.

Turudi kwenye udongo wenyewe, juu hapa ndipo kuna aibu yetu kubwa. Modeli ya ardhi inahitaji kujua: udongo wa hapa ni wa namna gani? Unakunywa maji haraka, au unayakataa? Ni wa kina gani? Juu yake kuna nini? Goma tunaishi juu ya mawe ya volkano. Mvua kubwa inanyesha, na baada ya saa moja maji yamepotea chini, njo maana muji wetu hauna mito na mamama wanapanda na bido kutoka ziwani hali mvua imenyesha jana. Tembea barabara ya Sake mpaka Minova, endelea Kalehe: udongo unageuka, unakuwa wa kushikamana, mwekundu, mzito, wenye ukishiba unateleza mzima mzima na shamba juu yake. Hizi ni dunia mbili, na kati yao ni mwendo wa saa chache za gari. Ndani ya mraba mmoja zinakuwa udongo mmoja. Tena hiyo ramani ya udongo ya dunia, kwa upande wetu imechorwa na mashimo machache yaliyochimbwa zamani, na kilichobaki kimejazwa kwa kukisia.

Na juu ya udongo? Satelaiti inaangalia mteremko wa Kalehe na inaandika: "mashamba". Lakini shamba la kwetu ni ndizi juu, maharagi chini, muhogo pembeni, kalitusi mbili kwenye mpaka. Ndizi inatoa jasho mwaka mzima. Shamba la muhindi lenye limevunwa ni udongo wazi. Modeli inachukua neno "mashamba" na kulipa namba za kitabu, na vipimo vingi vyenye vilitumika kuhakikisha vitabu hivyo vimetoka Ulaya na Amerika, ambako kuna minara mingi ya kupima jinsi ardhi inavyopumua. Mnara wa kwanza wa namna hiyo katika bonde lote la Kongo ulisimamishwa Yangambi, unaitwa CongoFlux, una urefu wa mita kama 55, na ulianza kupima mwaka 2020. Tunaupigia makofi, juu kuna Wakongomani wanaufanyia kazi. Lakini uko kwenye msitu wa tambarare, kule Tshopo. Mlima wa Kivu hauongelewi pale.

Kuna kitu kingine: kumbukumbu ya udongo. Mwezi wa tano kwetu ni mwisho wa msimu mrefu wa mvua. Udongo umekunywa Machi, umekunywa Aprili, umeshiba. Mvua ya kawaida ikianguka juu ya udongo wenye umeshiba si mvua ya kawaida tena. Mnajua hesabu: milimita moja ya mvua ni litre moja kwa kila mita mraba. Mvua ya milimita 50 juu ya hekta moja tu ni litre 500,000, yaani bido 25,000 za litre 20. Mwezi wa tisa, udongo mkavu ungemeza sehemu nzuri ya hizo bido. Mwezi wa tano zote zinashuka. Kwa hiyo mwenye anaanzisha modeli yake bila kumpa udongo muda wa kushiba, anapata hesabu ya mto wa uongo hata kama mvua yake ni ya kweli. Wataalamu makini wanaiacha modeli iende miaka mbele ya kuanza kuiamini. Ni kazi ya uvumilivu, na inataka vipimo vya kuilinganisha. Vipimo gani?

Tulikwenda kuviomba. Ofisi moja ya serikali, hatutaitaja, tulifika watatu na barua yetu na nakala za diplome. Baba mwenye alitupokea alikuwa mtu mwema kabisa. Alitufungulia kabati. Daftari za mvua zilikuwa mle, zingine zimeliwa na panya, na miaka mizima haikuandikwa. Alisema: "Bana bangu, mwenye alikuwa anaandika hakulipwa, alienda kulima." Kisha akatuomba radhi, mzee mzima, yeye anatuomba sisi radhi. Tulitoka tumenyamaza.

Hii nchi haikuwa bila vipimo siku zote. Mulungu, karibu na Bukavu, walikuwa wanapima mvua toka zama za ukoloni, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo chenye leo ni cha INERA. Lwiro pia. Hatuusifu ukoloni: walipima mvua ili wajue kahawa yao na kinkina yao zitaota wapi. Lakini walijua kwamba mwenye anataka kutawala mlima lazima aujue kwa milimita. Na sisi wenye mlima ni wetu?

Sasa neno gumu. Baada ya Kalehe tulisikia midomo miwili. Mmoja ulisema ni mapenzi ya Mungu. Mwingine ulisema ni makosa ya raia: wamejenga pembeni ya mito, wamekata miti juu ya makala. Ule wa pili una ukweli ndani yake, hatuukatai. Lakini angalieni sayansi ya ardhi inasema nini, juu haisemi kile chenye viongozi wanaisemesha. Ukikata msitu kwenye mteremko, mambo mawili yanatokea na hayaendi njia moja. La kwanza: jasho la majani linapungua, ardhi inapata joto zaidi, hewa inakauka. Watafiti wenye wamekata msitu wa Kongo ndani ya kompyuta wameliona hilo joto likipanda. Kuhusu mvua, modeli nyingi zinasema itapungua, ila kiasi na mahali vinabadilika kutoka modeli moja kwenda nyingine. La pili: maji yenye yanaanguka hayaingii tena udongoni, yanashuka mbio na kubeba udongo. Kwa hiyo inawezekana kabisa mwaka mzima ukawa na mvua kidogo kuliko zamani, na bado mto ukaua kuliko zamani. Mkulima atalia ukame mwezi wa kumi na mafuriko mwezi wa tano, na mtu wa Kinshasa atasema anadanganya.

Kwa hiyo wakituambia "pandeni miti", tutapanda. Tumeshapanda. Lakini mti gani, kwenye mteremko gani, kwa faida ya mvua au kwa faida ya kushika udongo? Kalitusi inavuta maji mengi na chini yake nyasi haziweki kitu. Na makala: familia ya Goma itapika na nini, umeme gani? Mama mwenye amekimbia Rutshuru na yuko kwenye hema pale Kanyaruchinya, unamwambia kuhusu tabianchi, yeye anakuuliza kuni. Ana haki. Kumwekea yeye lawama ya mvua ya Kalehe bila hata kipimo kimoja ni kusema bila kujua, na serikali haina ruhusa ya kusema bila kujua juu ya watu 400 wenye wamekufa.

Tunajua kuna wenye watatucheka. Wataandika chini ya haya maneno: nchi iko kwenye vita, nanyi mnaongea miraba na mbabula. Tumejiuliza sisi wenyewe. Jibu letu ni kwamba vita haikuzuia mvua tarehe 4 Mei, na haitaizuia msimu ujao. Na kipima-mvua kimoja ni bei kidogo kuliko tairi moja ya zile gari zenye zilipita Bushushu kupiga picha.

Tunachodai, tunakidai kwa sauti.

Tunadai METTELSAT ipewe pesa za kuweka na kulinda vituo vya kupima hali ya hewa kwenye milima ya Kalehe, Masisi, Rutshuru, Walungu na Uvira, juu kwenye hauts plateaux wala sio kwenye uwanja wa ndege peke yake, na wapimaji walipwe kila mwezi. Tunadai daftari za zamani, za serikali na za vituo vya utafiti na za misheni, zipigwe picha na kuwekwa wazi kwa kila Mkongomani bila kulipa. Tunadai kwamba utafiti wowote wenye unafanyika juu ya milima yetu uwe na wanafunzi wa vyuo vyetu ndani yake, na si kwa kubeba mabegi. Namba zenye zinachukuliwa hapa zibaki hapa pia. Na tunadai familia za Bushushu na Nyamukubi zenye ziliahidiwa pahali pengine pa kuishi zipewe mahali pa kweli. Hilo halihitaji modeli.

Upande wetu, hatutasubiri. Kuna vijana wengi hapa wenye diplome ya jiografia, ya kilimo, ya hisabati, ya informatiki, wenye wanaamka asubuhi bila pa kwenda. Tunajua, ni sisi. Kipimo cha kwanza ni chupa. Chupa ya maji yenye ukuta wa kunyooka, unaikata juu, unageuza ile shingo iwe mdomo wa kupokea, chini unaweka maji kidogo mpaka sehemu ya mviringo wa kitako ijae, hapo unaandika sifuri, na rula unaibandika nje. Unaiweka mahali wazi, si chini ya mti, si karibu na ukuta wala paa. Kila siku saa mbili asubuhi, saa ileile, hata kama hakuna mvua, unaandika. Sifuri pia ni kipimo. Ukisahau siku, andika kwamba ulisahau, usijaze kwa kichwa. Kipimo cha uongo kimoja kinaharibu mwezi mzima, na sisi tutakuwa kama wale tunaowashitaki.

Chupa haiwezi kushindana na kituo cha kweli, na hakuna mtu wa World Weather Attribution ataiweka kwenye jedwali lake kesho. Lakini chupa 40 kutoka Kibati mpaka Kalehe, zikiandikwa misimu miwili, zitaonyesha kitu chenye hakuna modeli ya leo inajua: kwamba mvua ya mlima huu si mvua ya mlima ule.

Kipimo cha pili ni simu. Kila mmoja akirudi kwao achague mteremko mmoja, aupige picha kutoka mahali palepale kila mwezi, na aandike: ndizi, muhindi, kalitusi, udongo wazi, pameteleza. Hiyo ndiyo njia ya kusahihisha lile neno "mashamba".

Kipimo cha tatu kinahitaji ruhusa, tunaendelea kuitafuta: kurudi kwenye lile kabati, na taa na simu nzuri, mbele panya hawajamaliza. Yule mzee amesema mlango uko wazi kwetu. Tumemwahidi tutakuja na kijana mwenye mwandiko mzuri, na fanta.

Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, hapahapa. Kila mtu alete chupa tatu tupu za litre moja na nusu, mkasi, rula ya mwanafunzi, na daftari moja. Wenye wanatoka Kalehe na Minova watapewa zao za kwanza, juu barabara yao inafungwa mapema.